Mji Mdogo wa Soko, na Kitu Kisichouzwa





Mwezi huu neno la kuwaandikia nimepewa na kijana mmoja wa mafundisho ya Kipaimara. Jioni moja tulikuwa tumeketi barazani pa kanisa letu hapa Sibwesa, mafundisho yamekwisha, nao vijana wakizungumza habari za Karema na bandari yake mpya. Mmoja wao akaniuliza, "Mwalimu, kijiji huwa mji lini?" Wenzake wakacheka, wakidhani ni swali la kitoto. Mimi sikucheka, kwa maana sikuwa na jibu. Nikamwambia kwa haraka, "Kijiji huwa mji kikipata soko." Akanyamaza, lakini naliona usoni pake kwamba jibu halikumtosha, wala mimi halikunitosha.

Basi nimelichukua swali lile siku nyingi, kama mtu achukuavyo mzigo kichwani, na katika siku hizo likanipata jambo ambalo sikulitazamia. Leo nataka kuutua mzigo huo mbele yenu. Nitaanza mbali, maana mambo ya mbali mara nyingine huonekana wazi kuliko ya karibu.

Habari za mbali

Katikati ya Ulaya iko nchi ya Cheki, ambayo sehemu zake mbili kubwa huitwa Bohemia na Moravia. Sisi Wakatoliki yatupasa kuijua, kwa kuwa watakatifu Sirili na Metodi walikwenda Moravia mwaka 863, wakawahubiri watu Injili kwa lugha waliyoielewa. Katika nchi hiyo, kati ya kijiji na mji kamili, iko daraja ya tatu. Wenyewe huiita městys, ndiyo kusema mji mdogo wa soko. Hapo kale mahali hapakuweza kujipa jina hilo. Mfalme, au bwana mkubwa mwenye ardhi, ndiye aliyetoa ruhusa ya kuweka soko, na ruhusa hiyo ndiyo iliyopandisha kijiji cheo. Mwaka 1954 serikali yao iliondoa daraja hiyo. Mwaka 2006 ikarudishwa, na vijiji vingi vikafurahi kulipata tena jina lao la zamani.

Mji mdogo wa namna hiyo hufanana na mwingine kama ndugu wa tumbo moja. Katikati pana uwanja, ndipo mahali pa soko. Kandokando ya uwanja zimesimama nyumba za wafanyabiashara, na karibu nazo kanisa lenye mnara. Nje ya mji yako mashamba, misitu, na mabwawa ambamo hufugwa samaki. Na samaki hao ndio walio kitoweo chao usiku wa kuamkia Noeli. Zamani, siku ya soko ilipofika, watu wa vijijini waliingia kwa njia zote wakileta nafaka, mabata bukini na mayai, wakarudi na chumvi, viatu na majembe. Mji uliishi kwa vijiji, navyo vijiji viliishi kwa mji.

Mambo matatu ya miji ile yamenigusa moyo.

Jambo la kwanza ni kipimo. Mjini Prague, ambao ndio mji mkuu wa Cheki, katika jumba la kale la baraza la Mji Mpya, kilitiwa ukutani kipimo cha chuma cha urefu wa sentimeta 59 hivi. Ndicho kilichokuwa dhiraa ya soko. Mtu aliyenunua kitambaa, akashuku kwamba amepunjwa, aliweza kukichukua kitambaa chake mpaka pale ukutani akakipima mbele ya watu. Chuma hakina mjomba wala shangazi. Tajiri na maskini kiliwapimia sawasawa.

Jambo la pili ni sanamu ya padre mmoja. Katika viwanja vya miji ile, na juu ya madaraja yake, huonekana mara nyingi sanamu ya Mtakatifu Yohane wa Nepomuk. Padre huyu alitupwa katika mto Vltava mjini Prague mwaka 1393 kwa amri ya Mfalme Wenceslas wa Nne. Mapokeo yasema kwamba alikataa kumwambia mfalme siri za maungamo ya malkia. Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1729. Basi tazameni: mahali pale pale ambapo kila kitu kina bei, watu wameweka sanamu ya mtu aliyekuwa na kitu kisicho na bei.

Jambo la tatu ni la huzuni. Wale watu wa vijijini walioleta nafaka na mayai sokoni, kwa karne nyingi wao wenyewe hawakuwa huru. Mkulima hakuweza kuihama ardhi ya bwana wake, wala kuoa, wala kumpeleka mtoto wake kujifunza ufundi, bila ruhusa ya bwana huyo. Ni mwaka 1781 tu ambapo Kaisari Joseph wa Pili aliwafungua katika kifungo hicho, na kazi za lazima katika mashamba ya mabwana zikaendelea mpaka mwaka 1848. Kwa hiyo mtu aliweza kusimama sokoni na kupatana bei ya bata wake, huku yeye mwenyewe akihesabiwa kuwa mali ya mwingine. Naomba mlishike neno hili, maana tutalikuta tena kwetu.

Habari za kwetu

Sasa turudi nyumbani. Karema, mji wetu mdogo kando ya Ziwa Tanganyika, haukupewa ruhusa ya soko na mfalme wa Ulaya. Hata hivyo mfalme wa Ulaya alikuwamo katika mwanzo wa habari zake. Mwaka 1876 Leopold wa Pili, Mfalme wa Ubelgiji, aliunda Chama cha Kimataifa cha Afrika. Mwaka 1879 mtu wa chama hicho, Kapiteni Cambier, alifika Karema akajenga kituo chenye ngome. Wakati ule maji ya ziwa yalikuwa karibu na kilima. Baadaye ziwa likapungua sana, kwa kuwa maji yalikuwa yamepata njia ya kutokea kwa mto Lukuga upande wa Kongo, na ngome ikabaki mbali na ufuko. Na katika miaka hii ya karibuni maji yamepanda tena, yakazifikia nyumba za watu katika pwani nyingi za ziwa hili. Ziwa huenda na kurudi. Mwenye kujenga na akumbuke.

Mwaka ule ule wa 1879 walishushwa pwani, karibu na Dar es Salaam, tembo wanne wa Bara Hindi waliofunzwa kuchukua mizigo. Yule mfalme alitaka kujua kama tembo waweza kushika kazi ya wapagazi. Mmoja tu ndiye aliyefika Karema, naye hakukaa sana akafa. Na Carter, aliyewaongoza tembo wale, aliuawa mwaka 1880 huku huku kwetu Mpimbwe. Basi mizigo ikabaki vichwani mwa watu kama ilivyokuwa.

Nao watu hao, wengine hawakwenda kwa hiari. Katika miaka ile misafara ilitoka ng'ambo ya ziwa, ikapita Ujiji na Tabora, ikashuka pwani Bagamoyo. Ilichukua pembe za ndovu, na waliozibeba walikuwa mara nyingine watumwa, nao wakauzwa pia mwisho wa safari. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini kufunga soko si kufunga biashara. Katika nchi yetu ya Tanganyika, utumwa haukufutwa kabisa kwa sheria mpaka mwaka 1922. Wazee waliozaliwa kabla ya sheria hiyo tumewahi kuwaona kwa macho yetu wenyewe, sisi tulio na umri wa miaka arobaini na zaidi. Si hadithi za kale sana.

Mwaka 1885 kituo cha Karema kilikabidhiwa Mapadre Weupe, yaani Wamisionari wa Afrika, wana wa Kadinali Lavigerie. Ngome ya biashara ikawa nyumba ya sala. Mwaka uliofuata akaja Kapiteni Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa, ambaye baadaye alivuka ng'ambo kuwalinda watu na washika watumwa, akafa huko mwaka 1927. Mapadre walitoa nguo na vitu vingine vya thamani, wakawakomboa watoto waliokuwa wakichukuliwa na misafara, wakawalea. Kwa hiyo Wakristo wengi wa kwanza wa Karema walikuwa watu waliokwisha kujua bei yao: kila mmoja alikuwa amesikia kwa masikio yake watu wawili wakipatana juu yake.

Habari za Mganga Atiman

Mmoja wa watu waliojua bei yao ni Adrian Atiman, na habari zake kila nyumba ya Kikristo ya Katavi na Rukwa yapasa kuzijua. Alizaliwa miaka ya 1860 na kitu, karibu na mto Niger upande wa Timbuktu, katika nchi iitwayo sasa Mali. Akiwa mtoto mdogo alikamatwa, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Mapadre Weupe walimkomboa huko Algeria, wakamfundisha, naye akabatizwa mwaka 1882. Kadinali Lavigerie alikuwa amefungua kisiwani Malta nyumba ya kuwafundisha vijana Waafrika utabibu, ili warudi barani wawatumikie ndugu zao. Atiman alisoma huko toka mwaka 1882 mpaka mwaka 1888.

Mwaka 1889 akafika Karema. Hakuwa na ndugu hapa, wala lugha ya hapa hakuijua. Angaliweza kufanya kazi mahali penye malipo makubwa, kwa maana tabibu aliyesoma alikuwa adimu kuliko dhahabu. Yeye alikaa Karema, akiwa tabibu na katekista pamoja. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa nchi hii, na mwana wao Joseph akawa padre. Aliwatibu wagonjwa kwa dawa za Ulaya, tena hakudharau dawa za miti walizozijua wazee. Alizichungua, na zilizofaa akazitumia. Aliendelea hivyo miaka 67, mpaka kufa kwake mwaka 1956. Leo hospitali ya Kanisa huko Sumbawanga yaitwa kwa jina lake.

Hesabuni wenyewe. Katika miaka hiyo 67 Karema ilipita chini ya Wadachi, kisha Wabelgiji na Waingereza wakapigana nao ziwani, kisha ikawa chini ya Waingereza. Karema palikuwa makao ya askofu, na mwaka 1953 likatajwa Jimbo la Karema. Halafu makao yakahama, na mwaka 1969 jina la jimbo likawa Sumbawanga. Mwaka 2000 likazaliwa jimbo letu la Mpanda. Reli ilipofunguliwa mwaka 1950 ilifika Mpanda, haikufika Karema. Mji ulipoteza cheo, ukapitwa na njia. Lakini waulizeni watu, Karema yajulikana kwa nini? Hawatataja ngome ya Cambier wala tembo wa Leopold. Watawaambia, "Ndiko alikokaa Mganga Atiman." Mtu aliyenunuliwa akiwa mtoto ndiye aliyeupa mji ule heshima yake, kwa sababu alijitoa bure.

Soko la leo

Siku hizi Karema yaamka tena. Mwaka 2019 serikali ilianza kujenga bandari, kwa fedha zaidi ya shilingi bilioni 47, ili mizigo ivuke kwenda Kalemie upande wa Kongo. Nasi watu wa vijiji vya ndani twauona mwendo wa mambo ukibadilika. Twapeleka mpunga, mahindi na karanga. Twarudi na dagaa, migebuka, nguo na mabati. Siku za gulio wakutana watu wa kila kabila: Wabende, Watongwe, Wafipa, Wapimbwe, Wasukuma na ng'ombe wao, Wakongo wa ng'ambo, na ndugu zetu wa Mishamo waliokimbia Burundi mwaka 1972, wengi wao sasa ni raia wenzetu.

Soko ni jema. Msidhani kwamba katekista analichukia. Naliona wazi mwaka 2024, serikali ilipofunga uvuvi katika ziwa lote kwa miezi mitatu, toka katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Dagaa wakapungua mezani kwetu, ndipo tukajua jinsi tunavyolishwa na watu tusiowajua majina. Soko ni mkono wa jirani wa mbali.

Lakini soko lina vishawishi vyake. Cha kwanza ni kipimo. Sheria yetu yasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, nasi twajua lumbesa ni nini: gunia lililovikwa kilemba, mkulima akauza gunia moja na nusu kwa bei ya gunia moja. Naye mkulima, akiona amepunjwa, hutia mawe chini ya mpunga ili kulipiza. Hivyo wawili huibiana, na kila mmoja hurudi nyumbani akijiita mwerevu. Torati ilikwisha kutuagiza tuwe na mizani ya haki. Hatuna haja ya kipimo cha chuma ukutani, kama tunacho moyoni.

Kishawishi cha pili ni kikubwa zaidi, nacho ndicho kilichonipata mimi.

Barua niliyoiandika

Katika siku zile za swali la kijana yule, baba mmoja wa kigango chetu alinijia nyumbani. Simtaji jina. Mkewe aliugua sana msimu uliopita, akaingia katika madeni ya dawa na nauli. Akaniambia, "Mwalimu, binti yangu amepata kazi ya nyumbani mjini, kwa mama mmoja mfanyabiashara. Naomba uniandikie barua ya kumtambulisha, kwamba ni mtoto wa Kikristo mwenye adabu." Binti huyo nilimfundisha mwenyewe Komunyo ya kwanza. Ana miaka 13, amemaliza darasa la saba, angojea matokeo yake.

Ndugu zangu, niliiandika. Sikuuliza anakwenda kwa nani, wala kwa masharti gani. Nilikuwa na haraka ya kwenda shamba. Tena moyoni nikajisemea, mzazi wake amekwisha kukubali, mimi ni nani? Nikatia sahihi, na muhuri wa kigango nikaupiga juu yake.

Jumamosi iliyofuata nikashuka Karema na magunia yangu mawili ya mpunga. Nilipokwisha kuuza, nikaketi kivulini karibu na kanisa kungoja gari. Watu walikuwa wakipita na mizigo yao, na mahali pale nikamkumbuka Mganga Atiman. Nikamwaza mtoto yule akivushwa jangwa, na watu wawili wakipatana juu yake. Ndipo likanijia neno moja ambalo yule baba alilisema wakati wa kuaga, nami nalikuwa nimelisikia kwa sikio moja: "Fedha ya kwanza nimekwisha kuipokea." Nikajiuliza, kama binti ndiye atakayefanya kazi, mbona fedha imetangulia mikononi mwa baba, tena kabla mtoto hajaondoka? Na kama mtoto akichoka, au akitendwa vibaya, atarudije, naye amekwisha kulipiwa? Mwili ukanisisimka. Mnunuzi hakuhitaji mnyororo. Alihitaji karatasi yenye muhuri wa Kanisa, na karatasi hiyo nilikuwa nimempa mimi.

Nilirudi usiku. Jumapili baada ya Ibada nikamwita baba yule faraghani, nikamwambia nimefanya kosa, naomba barua yangu. Alikasirika, na sikumlaumu. Akasema, "Mwalimu, wewe una barua, mimi nina deni." Neno lake lilikuwa kweli. Alikuwa amepokea shilingi 120,000, mshahara wa miezi minne, na nyingi amekwisha kumlipa mwenye duka la dawa. Basi jioni ile nikakutana na wazee wa Jumuiya. Sikuwaficha kosa langu. Nilitoa fedha ya gunia moja la mpunga; wengine wakatoa elfu mbili, elfu tano, mjane mmoja akaleta kuku. Jumatatu asubuhi zikatimia.

Tukaenda pamoja, baba yule na mimi, kumrudishia mama mfanyabiashara fedha zake. Hakugomba, wala hakutuapiza. Alizihesabu mara mbili, akazifunga katika pembe ya khanga, akaniambia kwa sauti ya upole, "Haya, Mwalimu. Wako wengine wengi."

Neno hilo limenikosesha usingizi kuliko matusi yo yote. Yawezekana mama yule hakuwa na nia mbaya. Yawezekana mtoto angekula na kulala vizuri. Sijui moyo wa mtu. Lakini najua kwamba sheria yetu ya mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na sheria ya mwaka 2008 yaadhibu kusafirisha na kuuza watu. Tena najua kwamba katika vijiji vyetu wako kweli wengine wengi.

Jibu kwa kijana

Sasa namjibu kijana aliyeniuliza barazani. Mwanangu, nilikuambia kijiji huwa mji kikipata soko. Nilikuambia nusu. Kijiji huwa soko kwa vitu kinavyouza. Huwa mji kwa kitu kinachokataa kuuza. Wale wa Bohemia walipewa soko na mfalme, lakini watu wao walikuwa bado mali ya mabwana, na soko halikuwafungua. Karema ilipata ngome, mapadre, askofu na sasa bandari; heshima yake aliileta mtumwa aliyekombolewa, akakataa kuwa na bei tena. Meli zitakapojaa, nazo fedha zitakapozunguka, yatupasa sisi watu wa pembeni kujua mapema ni nini hatutakipakia garini.

Maana Bwana wetu naye aliwekewa bei, vipande thelathini vya fedha. Aliyemwuza aliona ni fedha nyingi mpaka alipoishika mkononi.

Basi, wapendwa, nawaachia maneno matatu ya kuyashika mwezi huu.

Neno la kwanza ni kwa wazazi. Mtoto akitafutiwa kazi mbali, ulizeni: ni kwa nani, mahali gani, atalala wapi, mshahara atapokea nani, na ni nani atakayemwona kila mwezi. Fedha ikitangulia kabla ya mtoto, irudisheni.

Neno la pili ni kwa Jumuiya zetu. Mtu hamwuzi mwanawe kwa kutompenda. Deni ndilo linalomsukuma. Ni kosa letu sote ikiwa jirani ameugua na kudaiwa miezi mitatu, nasi twasali naye kila juma bila kujua. Kigango chetu sasa kimeanzisha mfuko mdogo wa wagonjwa, kila nyumba kopo moja la mpunga wakati wa mavuno. Haba na haba hujaza kibaba.

Neno la tatu ni kwa makatekista wenzangu. Muhuri wa kigango si wa kupigwa kwa haraka. Kabla ya kuandika kwamba mtoto ana adabu, tuulize kama yule anayempokea anayo.

Mwataka kujua yaliyofuata? Baba yule hakusema nami kwa majuma mawili. Jumapili ya tatu alikuja sakristia akanipa mkono, bila maneno mengi. Deni lake kwa Jumuiya atalilipa kwa mpunga. Binti yuko nyumbani, juzi nilimwona akichota maji na wenzake, akicheka, akaniambia, "Shikamoo, Mwalimu." Yeye hajui kwamba barua ile ilipata kuandikwa. Nimeichoma motoni, lakini nimeitunza katika kumbukumbu yangu, nisije nikaandika nyingine.

Maswali ya kuzungumza nyumbani baada ya sala ya jioni: Je, katika nyumba yetu ni kitu gani hatutakiuza hata tukiwa na njaa? Na jirani yetu yupi ana deni ambalo hatujamwuliza?

Mungu Mwenyezi awabariki, na Mama Maria awaombee. Tutaonana tena barazani mwezi ujao.

Ni mimi, katekista wenu.